Grifini Aliyekataa Kuanguka
Na Mzee Dadu

Anayempandisha mhusika wake juu ya mnyama arukaye, katika michezo ya kuigiza inayochezwa mezani kwa dadu na karatasi, amekubali tangu mwanzo kwamba mhusika huyo anaweza kuanguka, na msimamizi wa mchezo anayeiondoa hatari hiyo humgeuza shujaa wa angani kuwa abiria. Kauli hiyo ni kali na itabaki kali, kwa sababu yaliyoshuhudiwa wiki hii kwenye meza moja hayaruhusu upole.

Mchezo ulikuwa Dungeons & Dragons, kwa kanuni za mwaka 2014, na aliyekuwa angani ni askari mwenye mkuki aliyempanda grifini, yaani mnyama wa hekaya mwenye kichwa na mabawa ya tai na kiwiliwili cha simba. Mbele yake lilikuwapo joka la miguu miwili lenye mwiba wa sumu mkiani. Wote walisimama hewani, futi 60 juu ya mto, wakapigana mzunguko baada ya mzunguko, kila mmoja ukiwa ni sekunde sita za hadithi, bila yeyote kupiga kona, kupanda juu zaidi wala kumtokea mwenzake kwa nyuma, kama majirani wanaogombana juu ya ukuta wa ua. Ubaya ni kwamba kanuni hizo zinaruhusu. Toleo la mwaka 2000 lilimlazimisha grifini kusonga mbele walau nusu ya mwendo wake katika kila zamu, na kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979 kiliwapanga warukao katika madaraja ya A hadi E kwa kadiri walivyoweza kugeuka. Tena mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu kwa mara ya kwanza, kanuni zao za angani zilichota kutoka mchezo wa Mike Carr kuhusu ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia. Urithi wote huo ulitupwa kwa kisingizio cha wepesi, ilhali sababu ni uvivu wa kuhesabu.

Hata hivyo, kanuni za 2014 zilibakiza jino moja: arukaye asiye na kipaji cha kuelea, akizuiwa kabisa kusogea, huanguka, na kila futi 10 za anguko humletea majeraha ya dadu moja ya pande sita. Adui aliyejificha ukingoni alipomrushia grifini uchawi wa kupooza, na dadu ya kujinasua ikatoka 3, dadu sita za anguko zilikuwa zimekwisha kukusanywa kiganjani. Msimamizi akamtazama mpandaji, kijana aliyekuwa amemchora mnyama wake kwa kalamu za rangi na kumpa jina la shangazi yake, kisha akatangaza kwamba mabawa yaliyokakamaa yangemshusha taratibu hadi mchangani. 

Lililoudhi zaidi halikuwa suala la mabawa. Upande wa pili wa meza aliketi binti aliyeigiza mchawi, ambaye alikuwa ameandaa uchawi wa unyoya, ule unaopunguza kasi ya hadi viumbe watano waangukao, na ambao hutumika papo hapo, hata nje ya zamu, pale tu mtu anapoanza kuanguka. Alikuwa amekwisha kunyanyua mkono. Grifini aliposhushwa bure, mkono ule ulirudi mezani ukachukua karanga. Mpandaji akamshukuru msimamizi kwa bashasha, na msimamizi, aliyemnyima mmoja kuokolewa na mwingine kuokoa, akaipokea shukrani hiyo bila haya.