Mzigo wa Kueleweka ni wa Mtoa Tahadhari

Mjadala kuhusu namna ya kuwafikishia wakazi wa kigeni nchini Japani taarifa za maafa umezuka upya kwa hoja kwamba, maadamu kila mtu ana programu ya kutafsiri kwenye simu, mamlaka hazina tena haja ya kujali zinavyoandika. Toleo hili la jarida letu linaipinga hoja hiyo, kwani mashine hutafsiri ilichopewa, na tangazo lililosheheni istilahi za ofisini hubaki fumbo katika lugha yoyote, achilia mbali kwamba umeme na mtandao huweza kukatika palepale ardhi inapotetemeka.

Baada ya tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,400, Sato Kazuyuki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki na wanaisimu wenzake walibuni yasashii nihongo, yaani Kijapani chepesi, chenye sentensi fupi, jambo moja katika kila sentensi, na takriban maneno 2,000 ya msingi. Wanaouliza kwa nini kisitumike Kiingereza, lugha ambayo baadhi ya maofisa huikimbilia kana kwamba kila mgeni ametoka London, wautazame utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Japani wa mwaka 2008, ambamo asilimia 63 hivi ya wakazi wa kigeni walisema wanamudu Kijapani katika maisha ya kila siku, ilhali waliomudu Kiingereza walikuwa asilimia 44. Tetemeko la rasi ya Noto la tarehe 1 Januari 2024 lilipotokea, shirika la utangazaji la umma, NHK, liliandika kwenye skrini kwa hiragana, herufi ambazo mtoto hufundishwa mwanzo, "Tsunami! Nigete!", yaani "Tsunami! Kimbieni!", na mwenyeji hakupungukiwa na lolote kwa wepesi huo.

Miongoni mwa makala za toleo hili, ile kuhusu wakalimani katika makazi ya muda imeandikwa kwa uangalifu, na ile ya programu za simu itawaridhisha wanaozipenda. Makala ya Nagata, eneo la viwanda vya viatu mjini Kobe, inaonyesha jinsi redio za Wakorea na Wavietnam zilizoanzishwa mwaka 1995 zilivyoungana kuwa FM Wai Wai, ushahidi kwamba mgeni naye ni mtoa taarifa. Basi kila halmashauri iliandike upya tangazo lake kabla ya kulikabidhi kwa mfasiri, na mgeni aitwe kulisoma na kulirekebisha mapema, wakati ardhi imetulia.