Ukuta wa Ufuoni na Lugha ya Kuukataa

Aghalabu wakazi wa mji wanapopinga majumba marefu yanayokusudiwa kujengwa ufuoni, huitwa maadui wa maendeleo. Jina hilo hubandikwa upesi, kabla hoja zao hazijasikizwa. Yaliyotukia San Francisco, Marekani, kati ya mwaka wa 2012 na 2015 yanabainisha kuwa si jina la haki, tena yanawahusu wapenzi wa Kiswahili nchini Kenya kuliko wanavyodhania.

Mwaka wa 2012, wakuu wa mji huo waliidhinisha ujenzi wa makazi 134 ya kifahari kando ya barabara ya Embarcadero, inayopakana na ghuba. Kimo kilichokubalika mahali hapo kilikuwa futi 84. Jengo hili likaruhusiwa kufikia futi 136. Wapinzani walikusanya saini wakalifikisha suala hilo kwenye kura, na kampeni yao ikaegemea neno moja: ukuta. Neno hilo halikuokotwa njiani. Kwa takribani miaka thelathini, barabara ya juu yenye ghorofa mbili ilikuwa imeutenga mji na maji yake, hadi ilipoharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka wa 1989 na kubomolewa mwaka wa 1991. Waliokuwa na umri wa kutosha walikikumbuka kivuli chake. Hawakuhitaji kufafanuliwa istilahi za wachoraji wa mipango. Waliambiwa ukuta, wakaelewa. Mnamo Novemba 2013 mradi ukaangushwa. Juni 2014 wapigakura wakapitisha kanuni kwamba kikomo cha kimo katika ardhi ya bandari iliyo kando ya maji kisiongezwe ila kwa kura yao.

Walikuwako waliotabiri kuwa ujenzi ufuoni ungekufa. Haukufa. Novemba 2014 wapigakura waliridhia kimo cha futi 90 katika eneo la Pier 70, palipokuwa na viwanda vya kuunda meli. Mwaka uliofuata wakaridhia hadi futi 240 katika eneo la maegesho ya magari karibu na uwanja wa besiboli. Katika kura zote mbili, takriban watatu kati ya kila wanne walikubali. Wajenzi walikuwa wameahidi bustani za umma na nyumba ambazo watu wa kipato cha wastani na cha chini wangeweza kuzimudu. Mji uliokataa futi 136 ndio uliokubali futi 240! Ni bayana basi kwamba kilichopimwa hakikuwa urefu peke yake, bali pia nani angekaa ndani na nani angebakiwa na njia ya kuyafikia maji.

Haki isemwe, hata hivyo. Baadhi ya waliogharimia kampeni ya kuupinga mradi ule wa kwanza walikuwa matajiri walioishi jirani, na yamkini mandhari ya madirishani mwao yaliwashughulisha kuliko maslahi ya umma. Isitoshe, San Francisco ina uhaba mkubwa wa nyumba. Hoja hiyo ni nzito. Lakini makazi 134 ya kifahari yasingemsitiri mfagizi wa barabara.

Kenya nayo haikosi sheria. Katiba ya mwaka wa 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, na katika kifungu cha 69 inaihimiza serikali kuwashirikisha katika kuyahifadhi mazingira. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kanuni za mwaka wa 2003 kuhusu tathmini ya athari za miradi kwa mazingira zinadai hata tangazo la redioni katika lugha rasmi na za wenyeji. Ila ripoti yenyewe, ambayo ndiyo yenye vipimo na athari, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. San Francisco, mji wa nchi ya Kiingereza, huwachapishia wapigakura wake kijitabu cha maelezo kwa Kichina na Kihispania pia.

Mkazi wa Kibokoni au Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hakosi ujuzi wa ufuo wake. Anajua bamvua hufika wapi, kusi huingilia uchochoro upi, na ni jengo gani litakaloifunika Ngome ya Yesu, iliyotambuliwa kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2011. Anachokosa ni karatasi iliyoandikwa kwa lugha anayoweza kuijibu. Akinyamaza kikaoni, kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa.

Deni hilo linaziangukia idara za Kiswahili pia. Tasnifu za ushairi ni tele (na si vibaya ziendelee kuandikwa), bali lugha ya mipango ya miji imeachiwa wahandisi. Wanafunzi wa tafsiri na wahadhiri wao wangeanza na istilahi chache: kikomo cha kimo, eneo la kinga linalozunguka turathi, kivuli cha jengo, haki ya kupita ufuoni. Kisha muhtasari wa Kiswahili wa kila mradi ubandikwe sokoni, misikitini na ofisini kwa chifu kabla ya siku ya kutoa maoni, wala si baada yake.