PIKAPU YA SAMAKI NA SAFARI ZA WATOTO

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Mwandishi wake ni mke wa askari polisi. Alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani, akaolewa upande wa Zambia. Yeye na mumewe wana pikapu, nayo ndiyo wanayochukulia samaki wanaowanunua Kashikishi na kuwapeleka Mansa. Wana watoto watatu, na wa nne yu njiani. Gari lile lile la samaki ndilo linalowapeleka hospitali, ibadani, na kwa wazee wao huko Kawambwa. Analalamika kwamba linaruka kama mbuzi, watoto hutapika, na yeye mwenyewe hushuka akiwa ameshika kiuno. Fundi amewashauri kung'oa bapa mbili za springi kila upande wa nyuma ili gari lilainike. Mume amekwisha kubali. Mke anasita, kwa kuwa gari hilo ndilo linalowalisha. Anauliza: yupi asikilizwe?

Kwa heshima zote kwa bwana wa nyumba, safari hii asikilizwe mama.

Pikapu haikuundwa kwa ajili ya viuno vya watu. Toyota Hilux ilipotoka Japani mwaka 1968, na Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilipofuata mwaka 1984, zote ziliwekewa nyuma zile springi za bapa za chuma zilizolaliana, ndefu juu na fupi chini, na hadi leo pikapu nyingi zinazopita katika barabara zetu ni za namna hiyo. Springi hizo hupimwa kwa mzigo unaokaribia tani moja. Chuma kinachoweza kuistahimili tani moja bila kulala hakiwezi kupindishwa na watoto watatu na kikapu cha nguo. Basi gurudumu likigonga shimo, springi haikunjiki. Pigo lote hupanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti mpaka kwenye uti wa mgongo.

Bibi huyu ameandika jambo moja ambalo huenda hakujua kwamba limebeba nusu ya jawabu. Anasema kwamba mateso huzidi mwezi wa Januari. Wakazi wa Mweru wanaelewa mara moja. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, Serikali ya Zambia huufunga uvuvi katika ziwa hilo na katika maji mengine mengi ya nchi, ili samaki wazaliane. Hakuna pale wa kupakia, wala chisense wa kukaushwa mchangani. Pikapu hutembea tupu. Na Januari ndio mwezi wa kufunguliwa shule, wakati watoto wanapotakiwa kusafirishwa huku na huko, juu ya barabara za udongo zilizochimbwa na mvua. Gari halikuharibika. Limekosa mzigo tu.

Sasa tuutazame ushauri wa fundi. Katika springi nyingi za pikapu, bapa ya chini kabisa ni nene na karibu imenyooka. Gari likiwa tupu, bapa hiyo haifanyi kazi kubwa; huingia kazini pale mzigo unapozilaza zile za juu. Ukiing'oa, safari ya watoto haitalainika hata chembe, lakini siku ya kupakia masanduku ya samaki bapa zilizobaki zitabeba kazi isiyo yao, na moja itakatika mahali pasipo na fundi. Na ukizing'oa zile za katikati, gari litalala nyuma, taa za mbele zitatazama mbinguni, na usukani utakuwa mwepesi mno mikononi mwa dereva. Tena kazi yenyewe hutaka kufunguliwa zile bolti zilizopinda kama herufi U, ambazo ndizo zinazoishika ekseli. Zikirudishwa zile kuukuu, au zisipokazwa tena baada ya gari kutembea siku chache, ekseli huweza kuhama mahali pake. Mwenye kutaka springi laini kweli na anunue seti kamili ya mzigo mdogo, kulia na kushoto, akijua kwamba kuanzia siku hiyo atabeba samaki wachache zaidi. Kwa nyumba inayoishi kwa samaki hilo si shauri jema.

Yaanze mambo yasiyo na gharama. La kwanza ni upepo wa matairi. Matairi ya nyuma yaliyojazwa kwa ajili ya mzigo wa samaki huwa magumu kama gogo gari likiwa tupu. Ukiufungua mlango wa dereva utaona kibandiko kwenye nguzo yake, na kwa kawaida kinataja upepo wa gari tupu na upepo wa gari lenye mzigo. Ufuatwe huo wa gari tupu, upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, wala usishushwe chini ya hapo. Tairi lenye upepo haba hupata joto kali kwenye lami na huweza kupasuka. Kipimo cha upepo ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni, na kila mwenye gari angepaswa kuwa nacho. Wapo wenye magari ya thamani ambao mpaka leo hupima tairi kwa teke.

La pili ni mzigo wa makusudi. Viroba viwili au vitatu vya mchanga, kila kimoja kilo hamsini, vikiwekwa ndani ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, huifanya springi ianze kukunjika. Lakini vifungwe imara ndani ya fremu ya mbao iliyokazwa kwa bolti. Kiroba kisichofungwa ni adui siku breki zinapokanyagwa kwa ghafula.

Baada ya hapo ndipo fundi aitwe, na apewe kazi inayofaa. Atazame shokomzoba, yale mabomba ya mafuta yaliyo karibu na magurudumu, ambayo kazi yake ni kuituliza springi baada ya kuruka. Bomba lililolowa mafuta kwa nje limekufa. Hilo neno la bibi kwamba gari “linaruka kama mbuzi” linatufanya tuyashuku mabomba hayo kuliko springi, kwa sababu springi ngumu hugonga mara moja, bali shokomzoba iliyokufa huliacha gari likiendelea kucheza. Zibadilishwe mbilimbili, kulia na kushoto. Atazame pia bushi za mpira kwenye ncha za springi. Zikiisha, chuma husugua chuma na kila kokoto husikika ndani. Bushi ni bei ndogo, na mara nyingi ndizo zinazosahauliwa.

Sasa viti. Pikapu yenye milango minne ina kiti cha nyuma, lakini mara nyingi mgongo wake umesimama wima kama benchi la darasani. Fundi wa makochi sokoni aweza kuurekebisha kwa sponji. Mama asikubali sponji laini peke yake, kwani shimo la kwanza litaikandamiza mpaka kwenye bati. Chini iwe ngumu, juu laini, na upande wa mbele, chini ya mapaja, iwe nene kidogo ili mwili uegemee nyuma. Jalada liwe la turubali au kitambaa kizito, na kitenge kitandikwe juu yake kwa ajili ya kufuliwa. Mikanda isifunikwe. Mara nyingi tumeona viti vilivyoshonewa majalada mazuri, na mikanda imezikwa chini yake.

Mama mjamzito na aufunge mkanda, asiuache kwa kuhofia tumbo. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Kile cha juu kipite kati ya matiti na kando ya tumbo. Mtoto mchanga asipakatwe kiti cha mbele. Gari likigonga kitu, mikono ya mama, hata ikiwa na nguvu za kuvuta nyavu, haiwezi kumzuia, na mwili wa mama mwenyewe humlalia.

Tumebakiza jambo zito kuliko yote. Barua inasema kwamba wageni wakiwapo watoto wawili wakubwa hupanda nyuma kwenye bodi, chini ya turubali, juu ya godoro, nao hulala vizuri sana. Hapo ndipo tuliposimama kusoma. Nyuma ya ekseli ndipo mahali panaporuka kuliko pengine popote katika gari. Anayekaa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hupata nusu ya msukosuko huo. Lakini hofu yetu kubwa ni moshi. Turubali likifungwa mbele na kuachwa wazi nyuma, hewa huzunguka nyuma ya gari na kuuvuta ndani moshi wa bomba la ekzosi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu, mambo ambayo mzazi atayadhania kuwa ni ya barabara. Kisha huja usingizi, na mtoto hulala vizuri sana. Mwenye kuvuta hewa hiyo kwa muda mrefu haamki.

Tunamsihi bibi huyu na mumewe: bodi libaki la samaki, viroba na godoro lenyewe. Watu wakizidi viti, baadhi yao wapande basi, au gari liende mara mbili. Nauli itauma, tunajua.

Kuhusu mwendo, wapo madereva, na askari ni mabingwa wa shauri hili, wasemao kwamba barabara yenye vijituta vilivyopangana kama mbavu inapitwa kwa kasi ili matairi yaguse vilele tu. Ni kweli gari hutulia. Ni kweli pia kwamba wakati huo matairi hayaishiki ardhi sawasawa, na mbuzi akikatiza njia, breki hazitasaidia. Ukiwa na watoto, nenda polepole na usimame mara kwa mara.

Tarehe 1 Machi, ziwa likifunguliwa, mchanga ushushwe na upepo wa matairi ya nyuma upandishwe kama kibandiko kisemavyo. Na godoro litolewe kabla sanduku la kwanza la samaki halijapakiwa, maana sponji iliyokunywa maji ya samaki haifuliki.