Akimaliza Hesabu, Mpeni Hesabu

"Mtoto mwenye akili anafaulu popote." Nimeyasikia maneno haya kwenye chumba cha walimu miaka mingi, na mimi mwenyewe nimeyasema. Si kweli, na yanawaumiza watoto.

Nilipokuwa nafundisha darasa la nne, wanafunzi zaidi ya tisini chumba kimoja, alikuwapo binti aliyemaliza maswali kumi kabla sijamaliza kuyaandika ubaoni. Ili asikae bure, nikampa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Siku moja nikaigeuza karatasi yake. Nyuma alikuwa amepanga namba tasa hadi 211, na zile alizokosea amezikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Darasani tulikuwa hatujavuka 50. Nikamwambia asichafue karatasi.

Alipofika darasa la sita alikuwa hanyooshi mkono tena, na walimu tukasema amezembea. Miaka miwili alikuwa akingojea wenzake wafike alipo! Mtoto asiyepewa jambo la kumsumbua akili husahau hata namna ya kusumbuka.

Najibiwa kwamba zipo shule za vipaji maalumu: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, na zile za Tabora. Naziheshimu sana. Ila mlango wake unafunguliwa baada ya mtihani wa darasa la saba, ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu. Binti yule alikuwa ameshazima.

Wengine husema tuwashughulikie kwanza wasiojua kusoma. Hoja hii inanigusa, maana hao ni wengi na mwalimu ni mmoja. Lakini tazama uwanja wa mtaani. Mtoto wa miaka kumi anayejua kupiga chenga huitwa na wakubwa acheze nao, akatafutiwa na viatu. Sijasikia mtu akisema huyo aachwe, kipaji kitajilea chenyewe, wala wenzake hawaachi kucheza kwa sababu yake.

Kwenye hisabati kinachotakiwa ni kidogo kuliko viatu. Mwalimu wa taaluma apange vipindi vya darasa la nne na la sita vigongane kwenye ratiba. Kengele ikilia, mtoto achukue daftari akakae na wakubwa, kikiisha arudi.

Ile karatasi niliipeleka kwa mwalimu wa zamu. Wapiga kelele waliadhibiwa wote. Upande wa nyuma hakuna mwingine aliyeusoma.