Aliyepigwa na Aliyejipigisha

Katika mchezo wa besiboli imo kanuni moja fupi ambayo imewaletea waamuzi wengi lawama, nayo ni ile inayomhusu mpigaji anayegongwa mwilini na mpira wa mrushaji. Asili ya mchezo huu ni Marekani, na hapa Tanzania ulianza kuota mizizi katika skuli za sekondari kwenye miaka ya 2010 kwa msaada wa walimu na wafadhili kutoka Japani. Wasomaji wetu wa visiwani waliopata kuutazama bado ni wachache. Hata hivyo tumeona inafaa kuizungumza kanuni hii, kwani ndani yake limo suala linalomkabili kila mwenye dhamana ya kuamua baina ya watu: vipi atamtambua aliyedhurika kweli, na vipi atamtambua aliyeyatafuta madhara ili alipwe?

Mrushaji husimama umbali wa zaidi ya mita 18 kutoka kwa mpigaji, na mpira wake mgumu unaweza kupindukia mwendo wa kilomita 145 kwa saa. Hufika kabla ya kutimia nusu ya sekunde. Ukimgonga mpigaji, yeye hupewa kituo cha kwanza bila ya kupiga. Hiyo ndiyo fidia yake, nayo haikuwepo tangu mwanzo. Shirikisho la American Association liliiweka mwaka 1884, na National League ikafuata mwaka 1887, kwani warushaji walikuwa wakiwatisha wapigaji kwa kuwarushia mpira mwilini. Wala hatari yenyewe si ya kubuni. Tarehe 16 Agosti 1920, mjini New York, Ray Chapman wa timu ya Cleveland aligongwa kichwani na mpira wa Carl Mays, akafariki siku ya pili yake. Kwa hivyo fidia hii ni haki, si hisani.

Lakini walioiweka haki hiyo hawakuiacha bila ya mipaka. Kwanza, mpira ukimgusa mpigaji ungali ndani ya eneo la haki, yaani juu ya kibao cha nyumbani na kati ya goti na kifua chake, hapati kituo. Huhesabiwa kosa lake, hata kama alijaribu kukwepa, na makosa matatu humtoa. Pili, mpira ukiwa nje ya eneo hilo, naye asifanye jitihada yoyote ya kuukwepa, vile vile hapati kituo. Huhesabiwa kosa moja la mrushaji, na mchezo huendelea.

Tarehe 31 Mei 1968, mjini Los Angeles, kanuni hii ilipata mtihani mkubwa. Don Drysdale wa Dodgers alikuwa amemaliza michezo minne mfululizo bila ya kufungwa hata pointi moja. Katika zamu ya tisa ya mchezo wa tano, wapinzani wao Giants wa San Francisco walijaza vituo vyote vitatu, na hapana aliyekuwa ametolewa. Mpira ukamgonga Dick Dietz mkononi. Angalipewa kituo, mwenzake wa kituo cha tatu angaliingia nyumbani, na mfululizo wa Drysdale ungalikatika papo hapo. Mwamuzi Harry Wendelstedt alikataa, akasema Dietz hakujaribu kukwepa. Meneja wa Giants, Herman Franks, alibishana hata akatolewa. Dietz akarudi kupiga, mpira wake ukadakwa, na Giants hawakupata pointi. Drysdale aliendelea hadi zamu zaidi ya 58, rekodi iliyovunjwa na Orel Hershiser mwaka 1988.

Wapo waliosema kwamba mwamuzi yule alimbeba mwenye rekodi mbele ya mashabiki wake. Sisi hatukubaliani nao. Wendelstedt aliitumia kanuni kama ilivyoandikwa, tena katika saa ambayo kunyamaza kungalikuwa salama zaidi kwake. Hata hivyo, malalamiko ya Giants yalikuwa na mzizi. Waamuzi walikuwa na mazoea ya kuiacha kanuni hiyo ilale. Sheria inayolala mwaka mzima, kisha ikaamshwa siku moja, humshtua hata mtu mwema, naye hudhani kwamba imeamshwa kwa ajili yake peke yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, Ron Hunt wa Montreal aligongwa mara 50 katika msimu mmoja, kwa kusimama karibu mno na kibao. Pale kanuni inapolala, wajanja huamka.

Kosa la upande wa pili lilionekana New York tarehe 8 Aprili 2021. Mets na Miami walikuwa sare 2–2 katika zamu ya tisa, vituo vimejaa, na Michael Conforto wa Mets ana makosa mawili. Mpira ulipita ndani ya eneo la haki, naye akausogeza mbele kiwiko chake, ukakigusa. Mwamuzi Ron Kulpa alianza kuashiria kosa la tatu, kisha akageuka akampa kituo, na Mets wakashinda 3–2. Picha zilirejewa, lakini utaratibu wa wakati ule uliruhusu kuulizwa jambo moja tu: je, mpira ulimgusa? Bila shaka ulimgusa. Suala la mpira ulikuwa wapi halikuwa na mlango wa kuingilia. Baada ya mchezo Kulpa alikiri hadharani kwamba alikosea. Ungwana huo tunausifu, ingawa matokeo hayakubadilika.

Waliotusomesha chuoni walitufundisha kuwa ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu, na mwanadamu huamua kwa yaliyo dhahiri. Kanuni hii imefuata njia hiyo hiyo. Haimtaki mwamuzi apekue nia ya mpigaji. Inamtaka aangalie mpira ulikuwa wapi, kisha mwili wa mtu ulifanya nini. Wazee wetu waliocheza kriketi katika viwanja vya Mnazi Mmoja wanaijua mizani hii, kwani huko nako mbio zinazotokana na mpira uliogonga mwili hazihesabiwi ila mpigaji awe amejaribu kuupiga au kuukwepa.

Kwa maoni yetu, wanaowafundisha vijana wetu mchezo huu wawafunze waamuzi kuuliza masuala hayo mawili kwa mpango wake, kila siku na kwa kila timu, si siku ya fainali tu. Nao wakuu wetu wenye dhamana ya kupima fidia, iwe ya mnazi uliokatwa kupisha barabara au ya nyumba iliyobomolewa, hawana budi kujiuliza kama wanatazama jeraha peke yake, au wanatazama pia limepatikanaje. Anayemlipa aliyejipigisha humpunguzia aliyepigwa. Na anayemnyima aliyepigwa kwa kuwachelea wajanja, naye amedhulumu.