Shina la mgomba si takataka, lakini pia si pesa ya bure



Ndugu yangu, wewe uliyekulia Bukoba, Muleba au ng'ambo kule Masaka, unaujua mgomba kuliko mimi. Shina huzaa mkungu mmoja tu, linakatwa, na machipukizi yanashika nafasi. Mkungu unakwenda sokoni, shina linabaki shambani likioza. Siku hizi mnatumiana video: shina linapasuliwa, linapitishwa kwenye mashine ya kukwangua kama ya mkonge, zinatoka nyuzi ndefu zinazong'aa. Zinafumwa mazulia, mikoba, hata nywele za bandia (hilo la nywele lina mlango wake katika fiqhi, leo sitaufungua). Na chini ya video mtu ameandika: "Takataka ni pesa." Mmeniuliza, Shekhe, una lipi la kusema?

Ninalo. Katika Bukhari na Muslim kipo kisa cha Mtume (SAW) kupita penye mnyama aliyekufa, wa mtumishi wa Bi Maymuna (RA). Akawauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Wakasema huyu ni mzoga. Akawabainishia kwamba kilichoharamishwa ni kumla.

Tazama basi. Ikiwa mzoga una kitu cha kunufaika nacho, itakuwaje mgomba, mti ambao wafasiri wengi, akiwemo Ibn Abbas (RA), wamesema ndio "talh" iliyotajwa katika Suratul Waaqia? Kuliacha shina lioze huku vijana wamekaa kijiweni, mimi naliona ni kuipa neema mgongo.

Lakini usikimbilie hapo ukasahau upande wa pili. Ile ngozi haikufaa kwa kutamaniwa. Ilifaa baada ya kudabighiwa, yaani mtu kuinama, kuikwangua, kuvumilia harufu yake. Na mgomba ni hivyo hivyo. Shina karibu lote ni maji. Ukilikamua na kulikwangua, nyuzi unazopata ni chache mno ukilinganisha na mzigo uliobeba. Bado uzioshe, uzianike, uzichane, uzisokote. Kule Okinawa, Japani, kuna kitambaa cha asili kiitwacho bashofu kinachofumwa kwa nyuzi za mgomba wa aina yake. Wanachemsha maganda ya shina katika maji ya majivu, wanakwangua, kisha wanaunga uzi kwa uzi kwa mkono. Kimono moja hutaka migomba kama 200. Ndiyo maana bei yake si ya mchezo. Thamani haikuwa kwenye shina, ilikuwa kwenye mikono.

Kwa hiyo anayekuja kijijini kwenu kuwauzia mashine kwa maneno ya "takataka ni pesa", muulize kwanza: nani atanunua nyuzi, kwa bei gani, na ameandika wapi? Akibabaika, kaa na fedha yako. Na wewe unayetaka kuwaajiri kina mama wachane nyuzi, usiwalipe kidogo kwa hoja kwamba malighafi ni ya bure. Umesikia mara ngapi kuhusu ujira kulipwa kabla jasho halijakauka? Jasho la mama huyu ndiyo bidhaa yako.

Ardhi nayo ina haki. Bibi zetu walipolipasua shina na kulitandaza chini ya migomba hawakuwa wajinga: linahifadhi unyevu, linarudisha rutuba, na likikauka haraka fukusi hawapati pa kuzaliana. Ukiondoa kila shina kila msimu, miaka michache tu shamba litakudai. Chukua sehemu, bakiza sehemu, na makapi ya kwenye mashine yarudishe shambani.

Mwisho nawageukia wenzangu wa kamati za misikiti. Tunachangisha kila mwaka kununua mazulia ya plastiki kutoka nje, na nje ya ukuta wa msikiti migomba inaanguka. Safari hii tuagize japo safu moja ya mbele kwa kikundi cha kina mama wa hapo hapo, tuwape malipo ya awali, tuwape na muda wa kutosha. Watakuwa wamepata yule mnunuzi wa kwanza ambaye muuza mashine hakuwatafutia.

Wallahu a'lam.