Utendi wa Mgonjwa: Imani na Mauti kwa Mwana Kupona

Wahenga walinena kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Methali hii hutumiwa kila mahali, hata pale ambapo anayezungumziwa ameshindwa katika uchaguzi tu au ameanguka mtihani. Ni nadra kuichukua kwa maana yake ya waziwazi, kwamba ipo siku ambapo kila alichozoea mja kukishika kitamponyoka mkononi. Dini nayo humwahidi muumini kuwa upo mti mmoja usioteleza. Ahadi hiyo hushikwaje na mtu ambaye tayari anaporomoka? Swali hili huulizwa misikitini na makanisani, na aghalabu wanaolijibu ni watu wenye siha njema. Fasihi ya Kiswahili ina bahati ya kuwa na jibu lililotungwa na mgonjwa.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na Seyyid Said wa Unguja, akafiwa naye mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, 1858, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti 102. Hashima alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Mama alikuwa ameshikwa na maradhi kwa mwaka mzima, na jambo hilo analitaja mapema kabisa, kabla ya kutoa wasia wowote. Alifariki karibu na mwaka 1860. Bintiye aliishi miaka mingi baada yake, hadi karne ya 20, na ni kutoka kwake ambako Alice Werner alipata baadhi ya habari za mtunzi zilizoingia katika kitabu alichokitoa pamoja na William Hichens mwaka 1934.

Hayo yote huelezwa katika kila mhadhara wa ushairi wa kale. La ajabu ni kwamba yakishatajwa katika utangulizi, husahauliwa. Swali la mtihani huja lile lile: jadili taswira ya mwanamke katika Utendi wa Mwana Kupona. Wanafunzi nao hujibu vile vile. Hunukuu beti za kumwandalia mume chakula, za kumkanda na kumpepea, za kuomba ruhusa kabla ya kutoka nyumbani, kisha wakahitimisha kuwa mtunzi ni sauti ya mfumo dume. Robo tatu ya majibu hayo huishia katikati ya utendi. Sehemu ndefu ya mwisho, ambayo ni dua, haiguswi. Mwanafunzi Mkristo huiona kuwa ni mambo ya Waislamu. Mwanafunzi Mwislamu huiona kuwa ni dua ya kawaida ambayo haihitaji uhakiki. Naye mhadhiri huogopa kugeuza ukumbi wa mihadhara kuwa mimbari.

Lawama ya wahakiki wa kike haipaswi kubezwa. Mtunzi anamwambia bintiye kwamba mja anahitaji radhi tano ili apate utulivu wa dunia na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Msichana anayeambiwa kwamba pepo yake imo mkononi mwa mumewe amewekewa mzigo mkubwa, na wako wanawake wengi, wa pwani na wa bara, walioteswa kwa hoja kama hiyo. Mtu hawezi kuupamba utendi huu kwa kudai kwamba beti hizo hazimo.

Hata hivyo, neno radhi lina historia yake ndani ya utendi huu huu. Mwana Kupona anasimulia kwamba mumewe alipofikwa na faradhi ya kufa alimkaririria radhi zake, na moyo wa mke ukatulia. Msomaji anapaswa kusimama hapo. Anayezungumza ni mjane aliyekaa kando ya kitanda cha mtu anayekata roho, akapokea kauli ya mwisho kutoka kwake. Sasa yeye mwenyewe yumo katika kitanda kama hicho. Anachomrithisha bintiye ni kitu kilichomfaa yeye saa ya mauti, nacho ni kuagana na mtu bila kinyongo. Kwamba alikiweka kitu hicho katika lugha ya utiifu wa mke ni matokeo ya zama zake na tabaka lake. Lakini anayeona utiifu peke yake hajaona kwa nini mgonjwa alitumia nguvu zake za mwisho kwa kazi hii.

Kisha huja dua. Anamwomba Mola amponye. Hajifanyi kuwa ameyapenda maradhi. Anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wenzake. Anajitambulisha kuwa mtu mwenye huzuni. Imani ya namna hii haifanani na ile inayosimuliwa katika hotuba nyingi za mazishi, ambamo marehemu huwa alikuwa akitabasamu hadi dakika ya mwisho na hakuwahi kulalamika. Mwana Kupona hatabasamu. Analia, anaomba, na anaendelea kupanga vina.

Atatokea mhakiki aseme kuwa hayo yote ni kaida ya utanzu: tenzi huanza kwa kumtaja Mungu na kuagiza karatasi na wino, na humalizika kwa dua na jina la mtunzi, kwa hiyo dua si ushahidi wa imani ya mtu binafsi. Hoja hii ina uzito, lakini inafikiri vibaya kuhusu kaida. Mtu anayekufa haanzi kubuni maneno mapya. Hushika yale aliyofundishwa utotoni, maana ndiyo yaliyo karibu na ulimi. Shahada husomwa sikioni mwa mgonjwa kwa sababu hiyo hiyo, na Mkatoliki aliye taabani hurejea kwenye rozari. Kaida ndiyo kamba ambayo mtu huishika pindi akili inapochoka. Kinachopaswa kuulizwa ni nini ambacho mtunzi amekitia ndani ya kaida hiyo, na Mwana Kupona ametia mwaka mzima wa ugonjwa.

Inafaa pia kumlinganisha na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyemtangulia katika Pate hiyo hiyo. Katika Al-Inkishafi mauti ni onyo. Mshairi anauhutubia moyo wake, anauzungusha katika majumba ya fahari yaliyogeuka magofu, kisha anauonyesha adhabu za motoni. Ni kazi adhimu, pengine iliyo bora kuliko huu utendi kwa ufundi. Lakini imani yake husimama juu ya hofu, nayo huhitaji magofu ili izungumze. Imani ya Mwana Kupona husimama juu ya amana: kuna watu wa kuachiwa maneno, na kuna Mungu wa kuachiwa watu hao.

Kwa upande wa pili yupo Euphrase Kezilahabi, aliyewahi kusoma seminari ya Nyegezi. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, Kazimoto haoni pa kushika, na mwishowe anajitoa uhai. Msomaji wa dini asiikimbie riwaya hiyo. Imani ambayo haijawahi kumsikiliza Kazimoto ni imani iliyokopwa, na mkopo huo huja kudaiwa siku mbaya.

Wala suala hili si la vitabu peke yake. Mnamo Novemba 2014 abiria 28 wasio Waislamu walitengwa na wenzao na kuuawa na Al-Shabaab katika basi lililotoka Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine, lililokuwa likielekea Mandera, lilivamiwa karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, na baadhi ya wanawake waliwapa wenzao vitambaa wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwa miongoni mwa waliokataa, akafariki Januari 2016 akitibiwa Nairobi. Hakuwa na mwaka mzima wa kutunga beti. Alikuwa na dakika chache. Lakini naye, kama mjane wa Siyu, alipofikiwa na mauti alikuwa akiwatazama wengine. Wauaji nao walijiita watu wa imani, na mhadhiri anayekwepa mada hii darasani huwaachia wao kuifasiri.

Basi muhula ujao, utendi huu utakapofundishwa tena, usomwe wote kwa sauti, beti zote 102, na swali la pili liongezwe kando ya lile la taswira ya mwanamke: mgonjwa huyu aliomba nini, na aliwaombea akina nani? Katika beti za mwisho mtunzi ametaja mwaka wa utungo na idadi ya beti zake. Alikuwa na mwaka mzima kitandani, na bado alizihesabu.